Upande Unaonata Mdomoni

Jumatatu, 3 Machi

Naandika haya kwa sababu wifi hasemi kitu mara mbili, na mimi sisikii kitu mara moja.

Leo amehamia chumba cha nyuma cha duka langu la kushona. Si yeye mwenyewe, ni kazi yake. Kwake paa linavuja, na mvua ndiyo kwanza zimeanza. Amekuja na projekta iliyofungwa blanketi kama mgonjwa, kibao cha kuungia mikanda ya filamu, chupa za dawa, nyembe, brashi ndogo, na kopo la bati ambalo hakumruhusu mtu kulishika. Mume wangu, ambaye ni mdogo wake na ambaye mtaa mzima unamwita Redio kwa kuwa hazimiki, alibeba vilivyobaki huku akimtangazia kila mpita njia.

Ndani ya kopo kuna mama yao. Yaani, mkanda wake. Mama mkwe wangu hana picha nyingine inayotembea duniani ila hiyo, ya alasiri moja hapa hapa dukani, wakati duka lilipokuwa lake. Ilipigwa na rafiki yake wifi wa jumba la sinema, maana wifi maisha yake yote alikuwa fundi wa kuunga mikanda kule. Haina sauti. Zamani tulikuwa tunaionyesha ukutani, watoto wakipiga kelele bibi akitokea, mpaka viungo vya zamani vikakauka na kuachia kimoja kimoja. Sasa ni vipande vimejaa kopo.

Lilipofunguliwa, chumba kizima kilinuka siki.

"Ndivyo mkanda unavyooza," wifi akasema. "Unanuka, halafu unanywea. Ukishanywea, vitobo vyake havilingani tena na meno ya mashine. Mwakani hautapita popote."

Kuna bwana anayezunguka na mashine ya kunakili mikanda ya zamani. Atapita kwetu mvua zikikatika. Sharti lake ni moja: mkanda ukikatika ndani ya mashine yake, anakurudishia kopo lako na kumwita anayefuata, kwa kuwa foleni ni ndefu. Kwa hiyo kila kiungo kifanywe upya, na kisiachie hata kimoja.

"Nani atavifanya?" nikauliza.

Wifi akaninyoshea mikono yake yote miwili juu ya meza. Ilikuwa inatetemeka kama ya mtu aliyetoka kuoga maji baridi. Sikuwa najua.

"Mimi nashona nguo, wifi."

"Ndiyo maana nimekuja kwako, sikwenda kwa muuza samaki."

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Wifi amesema meza yangu ya kukatia ni chafu. Meza hii! Maharusi wamekatiwa nguo juu yake.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeipangusa meza. Mara tatu. Wifi hakusema asante, alisema "sasa tunaweza kuanza."

Somo la kwanza. Mkanda una pande mbili. Mmoja unang'aa, huo ni mgongo. Mwingine umefifia kidogo, na huo ndio wenye picha, utando mwembamba uliolazwa juu ya mgongo. Dawa haipatani na utando. Unalowesha kidogo pale mwisho, unakwangua utando kwa wembe mpaka pabaki peupe kama kioo, halafu mgongo unakutana na mgongo. Ukichimba sana, umeutoboa. Ukichimba kidogo, hautashika. Na kila kiungo kinakula kipicha kimoja, kile kilichokwanguliwa. Kwa hiyo anayeunga ovyo anakula filamu ya watu.

"Na hizi pande nitazijuaje? Zote naona sawa tu."

"Kwa mdomo." Akalowesha mdomo wa chini, akagusisha ncha ya mkanda, akaugeuza, akagusisha tena. "Upande unaonata ndio wenye picha. Usiamini macho. Macho yanaona yanachotaka."

Redio akadakia kutoka mlangoni, "Kama kazi ni ya mdomo, mbona hamkuniita mimi?"

Nikajaribu. Nilikuwa nimesahau kwamba nimepaka rangi ya mdomo, nikaacha midomo yangu yote miwili juu ya mkanda. Namshukuru Mungu yalikuwa mabaki tu ya kujifunzia.

"Wewe," wifi akasema, "unaunga mkanda au unaubusu?"

Redio alicheka mpaka akaegemea ukuta. Kesho rangi sipaki.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeunga mabaki kutwa. Viungo vyote vimeachia.

Jumapili, 9 Machi

Leo nimeelewa kitu. Nilikuwa naiita dawa "gundi", na wifi ananikata jicho kila mara. Kumbe gundi inashikisha vitu viwili vikabaki viwili. Hii inayeyusha ncha mbili zikawa kitu kimoja, kama fundi wa kuchomelea vyuma, ila bila moto. Ndiyo maana lazima uwe mwepesi: unapaka brashi mara moja tu, unafunga kibao, unabana. Ukijishauri, dawa imeshakauka hewani.

"Nibane mpaka lini?"

"Wataje wapwa zako wote, mmoja mmoja, polepole, na usimruke hata yule asiyekusalimia. Ukimaliza, fungua."

Nina wapwa wengi, nashukuru. Cha leo kimeshika. Wifi alikikunja karibu na sikio, akasikiliza. Kikilia "ta", kimeshindwa. Hakikulia. Akakivuta, akakisokota, akakitupa kwenye pipa la takataka.

"Mbona umekitupa?"

"Kizuri kimoja ni bahati. Niletee vingine."

Mwanamke huyu! Nilipoolewa waliniambia nina wifi mkali, nikajibu ukali hauliwi. Ningejua.

Jumatano, 12 Machi

Mvua kutwa. Suruali mbili, kiraka kimoja, viungo saba. Vitano vimeshika.

Jumamosi, 15 Machi

Unyevu umetuingilia. Dawa ikipakwa inageuka nyeupe kama maziwa, na kiungo kinaachia ukikipulizia tu. Nikafunga dirisha ili unyevu usiingie, wifi akaanza kuona kizunguzungu kwa ile harufu ya dawa. Nikafungua, unyevu ukaingia. Funga, fungua, funga, fungua. Redio akatuambia tunaonekana kama watu wanaompungia mtu mkono mtaani.

Wifi alikaa kitako akasema, "Tusubiri jua." Jua lenyewe lipo wapi?

Nikatazama pasi yangu. Nikaipasha moto kule duka la mbele, mbali na dawa, nikaichomoa kwenye umeme, nikapigia kitambaa kizito mpaka kikawa na joto, nikakikunja na kukiweka chini ya kibao cha kuungia. Kibao kikakauka, na pale nilipokwangua pakakauka pia. Nikapaka, nikabana, nikawataja wapwa. Hakikuwa cheupe na hakikulia.

Wifi akakishika muda mrefu. "Umeanza kufikiri," akasema.

Nimemwambia Redio maneno hayo hayo kama yalivyo, nikamtaka ayatangaze mtaani.

Jumatatu, 17 Machi

Tumeanza kuunga mkanda wenyewe. Mkono wangu ulikuwa mzito kuliko siku niliyokata kitambaa cha kwanza cha mteja. Kiungo cha kwanza kimeshika. Hapo mama mkwe anafungua mlango wa duka.

Alhamisi, 20 Machi

Nimegundua kwamba wifi hanywi chai mbele za watu. Nilidhani ni maringo. Leo nimemwona nilipotoka kumpima mteja: alikuwa anainamia kikombe mezani, mikono kaificha mapajani, maana akikiinua kinamwagika. Nikarudi nyuma taratibu, nikakohoa, ndipo nikaingia.

Kuanzia leo namtilia nusu kikombe. Hakuuliza kwa nini, nami sikusema. Alikiinua akanywa.

Jumapili, 23 Machi

Redio alikuja kukagua, kama anavyosema mwenyewe. Wifi akampa kile kioo cha kukuzia, akamwekea mkanda mbele ya taa. Ni pale mama anapotandika kitambaa juu ya meza hii hii. Kipicha kimoja tu, kidogo kuliko ukucha.

Mume wangu alinyamaza. Nimeishi naye miaka yote hii, sikuwahi kumsikia amenyamaza akiwa macho. Baadaye akasema, "Ile chaki alikuwa anaiweka sikioni," akatoka nje kwenye mvua bila mwavuli.

Jumatano, 26 Machi

Mteja leo alisimama mbele ya kile kioo kirefu, akalalamika kwamba kinamnenepesha. Nikamwambia kioo hiki ni cha marehemu mama mkwe, hakijawahi kusema uongo.

Akili yangu ikabaki hapo hapo kiooni. Ukweli ni kwamba mama mkwe nilimfahamia humo. Nilipokuja hapa nikiwa mwali, sikuthubutu kumtazama usoni. Alikuwa mrefu, wa maneno machache, na mimi niliona haya hata ya kuvuta pumzi. Lakini alikuwa ananitumia kupimia nguo za wateja wenye umbo langu. Ananisimamisha mbele ya kioo, yeye nyuma yangu na pini mdomoni, na mle kiooni ndimo nilimoweza kumtazama nitakavyo. Mle na yeye alinitazama. Kulikuwa na kidoa cheusi kwenye shavu lake, nilikuwa nakikodolea macho wakati ananibana kiuno. Aliondoka duniani, akaniachia duka na cherehani yake, kabla sijamzoea vizuri ana kwa ana.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua. Viungo viwili. Vyote vizuri.

Jumamosi, 5 Aprili

Tumefika kwenye kipande cha kicheko. Ni kifupi kuliko vyote na kimechanika ncha zote mbili. Wifi alikiinua dirishani kwa koleo dogo.

"Unajua hapa anacheka nini?"

"Najua. Ananicheka mimi."

Nilikuwepo siku hiyo, nimesimama ubavuni mwa mpiga picha. Nilikuwa nimemaliza blauzi yangu ya kwanza. Mama mkwe akaniita niilete mbele ya kamera. Nikaileta, nikaikunjua, na hapo ndipo sote tulipoona kwamba nimeshona mikono yote miwili ya kushoto. Nilikata kitambaa kimekunjwa vibaya, ikatoka blauzi ya mtu asiyekuwepo duniani. Mama akacheka. Mimi nikainamisha kichwa nikatazama miguu yangu mpaka kamera ikazima. Kile kicheko nilikisikia tu, sikukiona. Hata tulipokuwa tunaonyesha filamu ukutani, ikifika hapo nilikuwa nakwenda jikoni.

"Alinidharau," nikamwambia wifi. Sijui kwa nini nilisema, ni mambo ya zamani.

Wifi akakirudisha kipande kwenye karatasi yake. "Mtu akikudharau hakuachii cherehani," akasema. "Na hiki usikiguse mpaka niwepo. Ni kifupi mno, hakina kipicha cha kuchezea."

Jumanne, 8 Aprili

Wifi ana homa na kifua. Nimempelekea supu. Amelalamika chumvi, kwa hiyo atapona.

Jumamosi, 12 Aprili

Bado anakohoa. Nimemaliza vipande vyote vingine peke yangu. Ningependa aone.

Jumatatu, 14 Aprili

Hakuna mvua tangu jana.

Jumatano, 16 Aprili

Bwana Nakala amepiga simu. Ndivyo Redio anavyomwita yule mwenye mashine. Upande aliko mvua zimekatika mapema, barabara imekauka, na anafika Jumamosi hii! Hapana, hawezi kusogeza siku. Baada ya kwetu anakwenda mbali na harudi mwaka huu.

Nilimpigia wifi, simu imezimwa. Nikamtuma Redio, akarudi akasema amelala, amekunywa dawa, jirani kamkataza asimwamshe. Nikakaa nikatazama kile kipande. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, najua. Lakini Jumamosi nayo haisubiri mtu.

Nikapasha kitambaa. Nikakiinua kipande dirishani, nikaweka kioo cha kukuzia, na mara hiyo hiyo nikamwona, karibu kabisa, kichwa amekirudisha nyuma. Nilimjua papo hapo. Nikakilaza kwenye kibao vile vile nilivyokishika.

Kiungo cha kwanza kilikataa. Kilitoka cheupe kikaachia. Nikaulaumu unyevu, nikakwangua na ile ncha ya pili kwa chini, nikapaka tena, kikashika. Kule mwisho mwingine ajabu nyingine: wembe ulipita bila kutoa unga wowote. Nikasema labda umelainika kwa uzee. Nikapaka, nikabana, nikawataja wapwa mara mbili. Kikashika na chenyewe.

Mkanda umekamilika. Umezunguka gurudumu moja, mzima, kwa mara ya kwanza tangu watoto wangu walipokuwa wadogo. Nimejisikia vizuri mno, nimejinunulia soda.

Alhamisi, 17 Aprili

Leo nina mengi.

Wifi amekuja asubuhi, kajifunga mashuka mawili, sauti imemkauka. Hakusalimia. Akakaa, akaufungua mkanda kutoka gurudumu moja kwenda jingine, ukipita kati ya vidole vyake. Mikono inatetemeka, lakini vidole vinasoma. Kila kiungo anasimama, anakunja, anasikiliza, anaendelea. Nami nimesimama nyuma yake nimejaa sifa.

Akafika kwenye kicheko akasimama. Akalowesha mdomo. Akagusisha, akageuza, akagusisha tena.

"Nani kaunga hapa?"

"Mimi. Kuna mwingine?"

"Ulitumia mdomo?"

Nikaanza kupangusa meza.

"Nimekuuliza, wifi."

"Nilitazama. Nilimwona usoni kabisa, nikamjua."

"Umempindua."

Nikamwambia haiwezekani. Akanieleza, na sauti yake ile iliyopasuka ikawa inakwaruza: utando uko chini, mgongo uko juu. Ndiyo maana kiungo cha kwanza kilikataa, utando ulikuwa umekutana na mgongo. Ndiyo maana wembe haukutoa unga, nilikuwa nakwangua mgongo mtupu. Mkanda huu una vitobo pande zote mbili, kwa hiyo utapita mashineni kama kawaida, hautamwambia mtu kitu. Lakini picha itakuwa imegeuka, kulia kushoto. Na kwa kuwa utando umekaa upande wa pili wa unene wa mkanda, itakuwa na ukungu kidogo mpaka mtu azungushe lenzi.

Akaniwekea kioo cha kukuzia. "Tazama kidoa chake hapa anapokata kitambaa. Kiko wapi?"

"Kulia kwangu."

"Na kwenye kicheko?"

"Kushoto kwangu."

"Umeona?"

"Nimeona. Kicheko ndicho sawa. Hivi vingine vyote ndivyo vimepinduka."

Jamani, nilisema hivyo. Wifi alinitazama kama mtu aliyeota pembe. Na mimi nikapanda hasira, maana nilikuwa na uhakika kama nilivyo na uhakika wa jina langu. "Kidoa kilikuwa huku!" nikasema, nikipiga hewa upande wa kushoto. "Nilikitazama kila siku!"

"Mimi nimezaliwa na mwanamke yule!"

"Na mimi nilikuwa naye humu dukani!"

Redio akaja mbio kwa makelele, akaulizwa kidoa cha mama yake kilikaa wapi, akafumba macho, akamchora mama hewani kwa kidole, akakiweka kulia. Wawili kwa mmoja. Nikamwambia hata yeye hajui kitu.

"Njooni," nikasema, "niwaonyeshe tulivyokuwa tunasimama." Nikawavuta hadi duka la mbele, nikajisimamisha pale pale penye alama ya miguu kwenye sakafu, nikamweka wifi nyuma yangu. "Mimi hapa, mama hapo. Nilikuwa natazama hivi, na kidoa kilikuwa..."

Na nikamwona wifi kiooni. Wifi ana kovu dogo juu ya unyusi mmoja, la tangu utotoni. Nimelitazama mbele yangu kutwa mwezi mzima. Mle kiooni lilikuwa limehamia upande wa pili.

Nikakaa kwenye kigoda cha wateja. Hakuna aliyenieleza, na hapakuwa na haja. Mama mkwe niliyemjua mimi alikuwa ni yule wa kiooni, na nilipomwona amepinduka dirishani, macho yangu yakashangilia.

"Nitakifumua," nikasema. "Nitakigeuza sasa hivi."

"Kufumua ni kukata," wifi akajibu, safari hii taratibu. "Ncha zote mbili. Kila ncha unakula kipicha, na jana ulishakula kimoja cha ziada. Kitabaki nini? Atafungua mdomo tu, kabla hajacheka itakuwa imekwisha."

Akajitanda mashuka yake akaenda zake. Hakuwa na hasira tena, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliniambia kitu kimoja tu katika kazi yote hii, usiamini macho.

Ijumaa, 18 Aprili

Wifi hajaja. Jua kali. Nimeshona na sindano imenichoma.

Jumamosi, 19 Aprili

Bwana Nakala ni kijana mwembamba mwenye adabu, gari lake limejaa matope mpaka madirishani. Akafunga mashine yake kwenye meza yangu ya kukatia, mashine iliyounganishwa na kompyuta. Wifi aliingia wakati kijana anamaliza, amevaa gauni lake la kazini la zamani. Akaenda moja kwa moja kwenye gurudumu, akakitafuta kiungo changu, kile kilichokwanguliwa pande zote mbili na kuwa chembamba kuliko vingine. Akakikunja sikioni. Chumba kizima kilikuwa kimya, na Redio ndani yake.

"Kimepinduka," akaniambia, "lakini kimeungwa vizuri. Hakitaachia."

"Una hakika?"

"Ningekuwa sina, ningekuja na gauni hili?"

Mkanda ukaanza kuvutwa. Kila kiungo kikipita kilitoa sauti ndogo, "tik", na kila "tik" nilishika kona ya meza. Mlango. Kitambaa. Chaki sikioni. Kijana alikuwa anatazama kompyuta, sisi tulikuwa tunatazama mkanda. Kicheko kilipokaribia, wifi alinishika mkono. Mkono wake ulikuwa unatetemeka na wangu pia, sijui ni upi uliokuwa unautikisa mwenzake.

Tik. Ukapita. Tik nyingine. Ukapita.

Mkia wa mkanda ulipotoka ukipigapiga kwenye gurudumu, Redio alipiga vigelegele kama mwanamke, akatoka nje kuutangazia mtaa. Mimi nililia. Nasema wazi, nililia kama mtoto, juu ya kitambaa cha mteja.

Bwana Nakala alikuwa amerudisha nyuma picha, anakunja uso. "Mama, hapa kuna kipande kimegeuka. Lakini msijali, kwenye kompyuta nakigeuza sasa hivi, ni kitu cha kubonyeza tu."

Nikashusha pumzi. Nikasema haraka, "Geuza, mwanangu, geuza."

"Ngoja," wifi akasema. Akanigeukia. "Kiooni, alikuwa anakutazama?"

"Alikuwa ananitazama."

"Anatabasamu?"

Nikafikiri. "Mara nyingi. Na pini mdomoni."

Wifi akamwambia kijana, "Kiache."

"Lakini mama, si sahihi."

"Baba, mimi nimeunga mikanda tangu mama yako hajazaliwa, na sijapitisha kilichopinduka hata kimoja. Hiki kinapita. Kwingine kote ni mama yetu sisi, mimi na huyu kelele wa nje. Hapo ni wa wifi yangu. Kiache hivyo hivyo."

Nilikwenda kumwekea chai, kikombe nusu.

Jioni, nakala ikiwa salama, wifi akasema mkanda wenyewe una mzunguko mmoja wa mwisho, na hautaharibu kitu. Tukatundika shuka jeupe juu ya kioo kirefu. Redio akazima taa, wifi akakaa kwenye projekta, na mama mkwe akafungua mlango wa duka.

Akatandika kitambaa, akachora, akakata. Kila kiungo kilimrusha kidogo, akaendelea. Halafu ikaja ile tik, na shuka likajaa ukungu, mwanamke mrefu asiye na uso. Nikataka kuinuka niende jikoni.

Wifi akanyoosha mkono kwenye lenzi. Mkono ule ule usioweza kikombe. Akaizungusha kidogo tu, na mama akatokea, mkali, kila unyusi mahali pake, kidoa kushoto kwangu. Akatoa pini mdomoni kwanza ili apate nafasi. Akanitazama mimi na blauzi yangu, akarudisha kichwa nyuma akacheka kwa furaha, kama mtu aliyeletewa zawadi.

"Kidoa kimehama," Redio akanong'ona.

"Nyamaza wewe," wifi akamwambia. "Mwenzako anatazamana na mkwewe."

Na kweli nilikuwa natazamana naye. Safari hii sikuinamisha kichwa.